Mota ya kuvuta vumbi ikizimika, uliza kwanza imezimikaje

Mota ya mashine yangu ya kuvuta vumbi imeshanizimikia mara tatu, na mara ya kwanza nilimlipa fundi aisuke upya, yaani aweke waya mpya ndani yake, ilhali haikuwa imeungua. Karakana yangu ni ndogo, ya samani, pale Keko jijini Dar es Salaam, na mashine hiyo huvuta maranda ya randa ya umeme pamoja na unga wa msumeno wa meza kwa bomba la inchi 4. Mota yenyewe ni ya fezi moja, ya nguvu ya farasi 2, na kibati chake kinasomeka volti 230 na ampea 9.5. Siku hiyo tulikuwa tunaranda mbao za mninga za kitanda. Mashine ilifanya kazi kwa dakika kama 20, ikanyamaza, ikakubali kuwaka baada ya nusu saa, kisha ikanyamaza tena. Fundi aliinusa, akatikisa kichwa, akasema waya za ndani zimeungua, nami nikakubali bila swali. Wiki moja baada ya kusukwa ilizimika vilevile, katika dakika zilezile 20.

Leo ningemzuia fundi yule asishike bisibisi kabla hajaniuliza mota imezimikaje. Waya zilizoungua hazijiponyi zikipoa, kwa hiyo mota inayokata ikiwa ya moto na kukubali tena baada ya kupumzika imekatwa na kinga yake ya joto, yaani swichi ndogo iliyofichwa ndani, ambayo kwenye baadhi ya mota huwa ni kitufe cha kubonyeza kilicho nje. Mota inayovuma bila kuzunguka ina ugonjwa mwingine kabisa, na ile iliyo kimya tangu unapoiwasha ina wa tatu. Jambo moja la usalama halisubiri: kinga isiyo na kitufe hujirudisha yenyewe, na mashine inaweza kuanza kuzunguka huku mkono wako ukiwa kwenye panga, yaani feni inayovuta hewa na vumbi, kwa hiyo chomoa plagi na kaa nayo mahali unapoiona.

Kwa upande wangu, kilichokuwa kinaipasha mota joto kilikuwa sakafuni, chini ya maranda. Nilikuwa nimehamisha mashine hadi pembeni na kuiunganisha kwa ekstensheni ya mita 40 yenye waya wa milimita 1 ya mraba, nusu yake ikiwa bado imezungushwa kwenye kigurudumu chake. Nilipopima huku mashine ikifanya kazi, soketi ya ukutani ilikuwa na volti 216, lakini kwenye vituo vya mota zilifika 201 tu, na mita ya kubana waya ilionyesha ampea 10.8. Volti zikipungua, mota ya namna hii haipunguzi kazi yake, bali huvuta ampea zaidi ili panga liendelee kuzunguka, na ampea hizo za ziada hugeuka kuwa joto. Wakati wa kuwaka hali huwa mbaya zaidi, maana mota huvuta mara tano au zaidi ya ampea zake za kawaida, na waya mwembamba hula makumi ya volti katika sekunde hizo. Niliweka waya wa milimita 2.5 wa mita 10, nikapangusa gamba la unga lililoziba mapezi ya mota na kifuniko cha feni yake ya nyuma, na dakika 20 zikapita bila mashine kukata.

Katika kupima huko nilikutana na jambo lililonichukua muda kuliamini. Mafundi wengi, nami nikiwamo, tulikuwa tunasema kuwa bomba likiziba mota huelemewa. Niliziba mdomo wa bomba kwa kipande cha plaiwudi, na ampea zikashuka badala ya kupanda, kwa sababu panga la aina hii linafanya kazi kubwa pale linaposukuma hewa nyingi. Hewa ikikosekana, huzunguka karibu bure. Kinachoielemea ni kinyume chake, yaani kuliacha tundu la kuvutia wazi bila bomba, au kuiwasha bila mfuko. Kipande cha mbao kilichokwama kwenye panga ni suala jingine, na hicho utakitambua ukizungusha shafti kwa mkono plagi ikiwa imechomolewa.

Mara ya pili mota ilivuma kwa sauti nzito bila kuzunguka. Ukisikia hivyo zima mara moja, kwa sababu mota iliyosimama huku ina umeme hupata moto haraka mno na hapo ndipo huungua kweli. Mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme na kuisaidia mota kuanza kuzunguka. Kabla ya kuigusa niliiunganisha kwenye balbu ya zamani ya nyuzi ili imalize umeme uliobaki ndani yake, kwani kuifyatua kwa bisibisi, kama wengi wanavyofanya, huharibu kapasita na kumtisha jirani. Iliyoandikwa maikrofaradi 40 ilipima 23. Kapasita mpya ilikuwa na bei ndogo kuliko ubao mmoja wa mninga. Kama yako inapima sawasawa na mota yako ina swichi ya ndani ya kuanzishia mzunguko, iliyo nyuma ya shafti, ifungue uitazame, kwa maana unga wa mbao hupenda kukaa kati ya midomo yake ya shaba na kuizuia isigusane. Msasa laini na brashi kavu hutosha.

Mara ya tatu ilikuwa kimya tu, na kosa lilikuwa kwenye swichi ya nje ya kuwasha na kuzima, iliyojaa unga. Nilipokuwa ninaihangaikia, kijana wangu alipendekeza tuendelee kuranda madirisha yakiwa wazi. Nilimkatalia, kwa kuwa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na dirisha halivuti kitu.

Kusuka upya ni kwa mota ambayo vanishi ya waya zake imekuwa nyeusi, au ambayo mita inaonyesha njia ya umeme kati ya waya na bodi, jambo ambalo kwa kawaida huangusha sakiti breka kila unapowasha. Ukifikia hapo, mwambie fundi abadilishe na beringi zote mbili wakati mota imefunguliwa, kisha umwombe akurudishie kapasita ya zamani uipime mwenyewe.