Nimealikwa na Waairishi kabla ya konseti, niende mapema?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni nesi hapa London, kwetu Mombasa. Kuna dada Muairishi tuko wodi moja, kanialika Jumamosi konseti ya muziki wao wa asili, ila anataka tufike masaa mawili kabla maana jamii yao hukutana kwanza hapohapo ukumbini wapige stori. Mie Muislamu, sinywi pombe, na huo muziki siujui kabisa, naogopa ntakaa pembeni peke yangu. Niende tu konseti ikianza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda mapema. Konseti yenyewe utakaa gizani unaangalia jukwaa basi, lakini hayo masaa mawili ndo utawajua watu, na nadhani ndo maana kakuita. Hawa ni watu waliozoea kuhama, ile njaa yao ya 1845 mpaka 1852 iliua kama watu milioni moja na milioni nyingine wakapanda meli, halafu baada ya vita kuu ya pili wakamiminika Uingereza wanaume mijengoni na wasichana wengi unesi kama wewe, na jioni walikuwa wanakutana kwenye mabaa ya Camden Town na Kilburn na fidla zao, ndo huko ugenini ule mtindo wa kukaa mduara baani na kupiga pamoja ulivyoshika, kwao zamani muziki ulipigwa zaidi majumbani. Kwa hiyo kukutana kabla ya konseti kwao si kupoteza muda hata kidogo.

Pombe isikutishe. Watakunywa ndio, lakini hao hao wanapenda chai ya maziwa kupita maelezo, tena chai yao ya pakiti nyingi ina majani ya Kenya ndani yake, omba kikombe na uwaambie hivyo utaona mazungumzo yanavyoanza. Ukikaa na mzee muulize kwao kaunti gani, wanazo 32 na kila upande una upigaji wake, Donegal fidla ya kasi, Clare wanatuliza, mpakani mwa Kerry na Cork ni polka, hapo atakuongelesha mpaka milango ifunguliwe. Na ukimtajia Kenya usishangae akakuuliza habari za masista wa Loreto, walifika kwetu 1921, pengine ana shangazi yake mtawa aliyefundisha huko.

Ala zikitolewa utaona fidla na kodiani, ambazo mtoto wa pwani umezizoea kwenye taarab, na ngoma ya ngozi ya mbuzi inayoshikwa wima mkononi. Akiwepo mpiga zumari la mfuko kaa karibu nae umwangalie, hapulizi kwa mdomo, ana mvukuto kaufunga kwenye kiwiko kimoja anajaza upepo, mfuko kaubana kwapa la pili, vidole vinakimbia na mkono ukimlegea kidogo sauti inashuka. Mie napenda kuangalia kile kiwiko kuliko kitu chochote jukwaani.

Sasa adabu. Viti vya mduara ni vya wapigaji, we kaa nyuma yao na usishike ala ya mtu. Wanaunganisha nyimbo mbili tatu bila kusimama, usipige makofi wakibadilisha, subiri waishe. Mtu akianza kuimba peke yake bila ala ni kimya, hata kijiko kisilie kwenye kikombe. Na kutunza kama kwenye taarab, kupanda na noti mkononi, huko hakuna kabisa mwanangu, kama kakugusa mfuate akimaliza umwambie, atafurahi sana.

Unaweza kubeba visheti au kaimati ila muulize kwanza rafikiyo kama ukumbi unaruhusu chakula cha nje. Na mwambie mapema kuhusu Maghribi, akutafutie kachumba kabla watu hawajajaa.