Kuhamia chomboni: barua zenu na majibu yetu

Tangu toleo lililopita barua za kuuliza habari za kuishi ndani ya boti zimekuwa nyingi kuliko nafasi. Tumechagua tano.

Wahariri, salaam aleikum. Mimi na mume wangu tunapanga vyumba viwili Mombasa na kodi haituachi tupumue. Kuna boti ya matanga ya faiba, mita 10, imetia nanga Kilifi. Mwenyewe anarudi kwao na anaiuza kwa bei ya kiwanja kidogo. Ina vitanda, jiko na choo. Tukihamia humo tutaokoa hela, au tunajitafutia balaa? — Mpangaji aliyechoka

Wa aleikum salaam, dada. Kodi utaiokoa. Hela, tusidanganyane. Wenye vyombo huhesabu kwamba matunzo hula kama asilimia 10 ya thamani ya boti kila mwaka, na boti kuukuu iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa hula zaidi, kwa kuwa bei ya rangi, vali na kamba haijali wewe ulinunua kwa shilingi ngapi. Maji yetu ni ya joto na kila kitu huota haraka. Ile rangi ya chini ya kuzuia majani na makombe huenda ikataka kurudiwa kila mwaka, na kuirudia maana yake ni kuipandisha boti nchi kavu na kulipia kila siku inayokaa huko.

Raha ipo, na si ndogo. Usiku unalala na upepo wa bahari badala ya feni. Mkikaa mbali kidogo na mikoko, mbu wanapungua sana. Hakuna redio ya jirani ukutani, na mahali pakikuchosha unang'oa nanga. Lakini fundi bomba ni wewe, fundi umeme ni wewe, mlinzi ni wewe, na asubuhi za masika utashuka kwenye kidau huku shati la kazini limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Maji ya kunywa, kupika na kuoga mtayabeba kwa madumu. Watu wawili wenye nidhamu hutumia lita 25 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 300 ni siku kumi hivi. Kabla ya kulitumia mara ya kwanza lijazeni, mtie mililita 300 za dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato (ile ya asilimia 5), mfungulie kila bomba mpaka harufu ya dawa isikike kwenye maji, mliache usiku kucha kisha mmwage yote.

Adui ambaye wageni hawamtarajii ni chumvi. Nguo iliyosuuzwa kwa maji ya bahari haikauki sawasawa hata ikianikwa siku tatu, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu hewani. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au kisima. Godoro nalo huota ukungu upande wa chini. Liwekeni juu ya vichaga vya mbao, na mliinue upande mmoja kila asubuhi. Maboksi ya karatasi ngumu yasiingie ndani kabisa, mayai ya mende husafiri humo.

Sasa ukaguzi, na hapa msione haya kumsumbua muuzaji. Msilipe kabla boti haijapandishwa mkaiona tumbo. Gonga faiba yote kwa nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki. Penye uzima hutoa mlio mkavu, na palipooza au palipoachana tabaka hutoa mlio butu, kama unagonga kitabu. Tafuta vivimbe. Toboa kimoja: kikitoa majimaji yanayonuka siki, maji yameshaingia ndani ya faiba. Vivimbe vichache hukwanguliwa na kuzibwa. Vikiwa mamia, tumbo lote litakwanguliwa na kuachwa likauke kwa miezi kabla ya kupakwa upya, na bei ya kiwanja kidogo itageuka ya kiwanja kikubwa.

Kisha hesabuni matundu yote yaliyo chini ya maji: ya choo, sinki, kupoza injini. Kila moja liwe na vali inayofunga na kufungua kwa mkono mmoja, na kila mpira uwe na klipu mbili za stenlesi. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 130 kwa dakika, na pampu ya kawaida ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) haitoi hata nusu ya hizo. Kwa hiyo kando ya kila vali pafungwe kizibo cha mbao laini chenye umbo la karoti, kwa uzi, tayari kupigiliwa. Kwangua vali kidogo kwa kisu. Ikitoka rangi ya manjano ni afadhali. Ikitoka nyekundu ya waridi, ni shaba ya bei nafuu ambayo zinki yake imeliwa na bahari, na siku moja itavunjikia mkononi mwako. Vipande vya zinki vilivyofungwa chini ili viliwe badala ya pangaboi (feni ya kusukuma boti) vibadilishwe vikifika nusu, na kamwe visipakwe rangi.

Mwisho, fungua ngama. Ifute ikauke, subiri boti irudi majini, uangalie. Maji mapya yakiwa ya chumvi, kuna tundu, au pale mhimili wa pangaboi unapotokea nje panavuja. Aina ile ya zamani inayojazwa kamba ya mafuta hudondosha tone moja mawili kwa dakika injini ikizunguka, na hapo hapana neno. Ikidondosha injini ikiwa imezimwa, ikazwe. Maji yakiwa baridi, yaani yasiyo na chumvi, tangi linavuja au sitaha inapitisha mvua. Muuzaji akikwambia "boti zote huwa na maji kidogo", muulize ni yapi kati ya hayo mawili.

Kama baada ya yote haya boti ni nzima, kaeni humo miezi mitatu huku mkiendelea kulipia japo chumba kimoja nchi kavu. Ndiyo, ni gharama mbili kwa wakati mmoja. Ni nafuu kuliko kuuza vyombo vya ndani vyote na kuvinunua tena.

Nafanya kazi kwa kompyuta na nakusudia kuishi botini hapa Raskazone. Nina friji ndogo ya volti 12, laptopu, feni mbili na taa. Nihitaji sola kiasi gani? Fundi mmoja kanambia wati 200, mwingine 800. — Msomaji, Tanga

Anza na matumizi, si paneli. Friji ikiwaka hula ampea 4 hadi 5, na kwa joto la Tanga huwaka karibu nusu ya siku: weka Ah 55 (ampea-saa, yaani ampea mara saa). Laptopu ya wati 60 kwa saa sita, pamoja na kinachopotea kwenye invata, Ah 33. Feni mbili za ampea moja kwa saa kumi, Ah 20. Taa, simu na pampu ya maji, Ah 10. Jumla ni kama Ah 120 kwa siku.

Paneli ya wati 100 iliyolala bapa juu ya boti hukupa Ah 25 hadi 30 siku yenye jua. Kwa hiyo wati 500 ndizo jibu lako, na mafundi wote wawili wamekosea. Betri za asidi zisishushwe chini ya nusu. Zikipumzika, volti 12.7 ni kujaa na 12.2 ni nusu. Ukitaka kuvuka siku moja na nusu ya mawingu utahitaji Ah 400, yaani nne za Ah 100. Za lithiamu mbili hukupa karibu Ah 160, uzito ni mdogo sana, lakini usiziunganishe moja kwa moja na altaneta ya injini. Zinavuta kwa nguvu mpaka altaneta inaungua. Weka chaja maalumu kati ya altaneta na betri.

Kinachoharibu hesabu hizi ni kivuli. Kivuli chembamba cha mlingoti au kamba kikikatisha paneli moja, mfululizo mzima hupungua nguvu, kwa hiyo paneli ziungane sambamba au kila moja iwe na kidhibiti chake. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, maana ule wa nyumbani huwa mweusi ndani ya mwaka, na fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Na kabla ya kununua paneli ya sita, ongeza kinga ya joto ya friji: povu la sentimita 10 pande zote, mlango wa kufungukia juu.

Babu alituachia jahazi, limekaa mchangani miaka miwili. Ndugu zangu wanataka tuliuze kuni. Mimi nataka nilitie vyumba niishi. Mtu wa Malindi kanishauri nilifunike lote kwa faiba ili lisivuje tena. — Mjukuu, Lamu

Usilifunike. Ubao hupumua, hupanuka na kusinyaa, na faiba haimfuati. Baada ya muda huachana, maji hukaa katikati, na ubao huoza mahali usipopaona. Wengi wamezika majahazi mazuri kwa njia hiyo.

Miaka miwili juani imeachanisha mbao, hilo si kosa la chombo. Chukua msumari mwembamba mkali uchome kila ubao chini ya mstari wa maji, hasa karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) na kwenye omo (sehemu ya mbele). Unaoingia kama unachoma muhogo uliochemka, toa. Tafuta vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Nje ni kitundu tu, ndani yule mdudu wa baharini amechimba njia nene kama kidole. Ubao wa namna hiyo hautibiki. Yaliyobaki mazima ni ya fundi wa kalafati: pamba kuukuu inang'olewa yote, mpya iliyotiwa mafuta ya nazi inashindiliwa kwa patasi na nyundo, si kwa nguvu kupita kiasi, kwa kuwa ubao ukinywa maji utavimba na pamba iliyojaa mno itausukuma utoke kwenye misumari. Chini paka deheni ya chokaa na shahamu, juu sifa (mafuta ya papa). Siku ya kulishusha, litaingiza maji mengi saa za kwanza. Kaeni wanne na ndoo na pampu, mfue maji usiku kucha, na litaanza kujifunga lenyewe siku ya pili au ya tatu.

Ukishahamia, kazi ni mbili za kudumu. Kila asubuhi na jioni wakati wa kaskazi mwagia sitaha maji ya bahari. Ya bahari, si ya mvua: maji baridi ndiyo yanayoozesha. Na kila baada ya miezi michache, ngoja bamvua (siku za maji makubwa), likalishe mchangani maji yakijaa, na yakipwa likwangue, ulichome chini kwa mienge ya makuti kuua mdudu, upake deheni upya. Una saa tano hivi kabla maji hayajarudi. Andaa kila kitu siku moja kabla.

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Jahazi la babu liliundwa kubeba boriti na saruji. Likiwa na vitanda na sufuria tu litaelea juu mno na kuyumba mpaka usiweze kupika. Litie farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya mawe, yapangwe chini katikati na kuzuiwa kwa mbao yasihame. Mchanga usitie, utashuka ngamani na kuziba pampu.

Nimeshauriwa kuwa mnyororo wa nanga wa mita 20 unatosha penye kina cha mita 4. Nilale usingizi? — Nahodha mpya, Kilifi

Hapana. Kina chako ni mita 4 maji yakiwa yamepwa. Bamvua inaweza kuongeza mita 3.5, na omo iko kama mita moja juu ya maji: jumla 8.5. Zidisha mara tano kwa mnyororo mtupu, upate mita 42.5. Kama sehemu kubwa ni kamba, zidisha mara saba. Kumbuka pia kwamba maji yakipwa, mnyororo huohuo utakuzungusha mbali zaidi, basi pima nafasi kati yako na jirani na mwamba. Mwishoni mwa mnyororo, upande wa boti, funga kamba ya nailoni ya mita 6 hivi ichukue mshtuko, maana kusi ya Juni hadi Agosti huvuta kwa vishindo. Na lile la kwamba pwani yetu haifikiwi na vimbunga, achana nalo: kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Taarifa za mamlaka ya hali ya hewa zisikilizwe kila jioni.

Choo cha pampu ya mkono kimekuwa kigumu na mpira unaziba. Na mtungi wa gesi tunauweka chini ya kitanda, ni sawa? — Mke wa baharia, Unguja

Choo kwanza. Mkojo ukikutana na maji ya bahari hujenga ukoko mgumu kama chokaa ndani ya mpira. Kila wiki mimina nusu lita ya siki usiku, piga pampu mara mbili tatu ifike mpirani, iache mpaka asubuhi. Ugumu wa pampu huondoka kwa vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Ukoko ukishakuwa mnene siki haitoshi: mpira ung'olewe, upigwe chini ufukweni mpaka uvunjike vipande, au ununuliwe mwingine. Karatasi isiingie humo.

Mtungi utoeni leo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani, hushuka ngamani na kutulia pale mpaka swichi ya pampu itoe cheche. Ukae nje juu ya sitaha, ndani ya kasha lililofungika lenye tundu chini kabisa la kumwaga gesi baharini. Fungeni kwenye mtungi wenyewe kila mkimaliza kupika, si kwenye jiko tu, na kila mwezi pakeni povu la sabuni kwenye viungo vyote. Penye mapovu yanayokua panavuja.