Nimekwama, vitabu vipya mnavipataje?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nasoma riwaya tangu utotoni ila saivi nimekwama, maktaba nikiingia naishia rafu ileile ya waandishi walewale, nikiuliza marafiki wananitajia kinachovuma, nakianza naachia njiani. Nyie mnafanyaje?

JIBU: Pole sana ndugu msomaji, hali hiyo naijua na inauma kweli, hamu ya kusoma unayo alafu cha kusoma huna. Mi naona shida iko kwenye namna unavyouliza. Ukisema "nitajie kitabu kizuri" mtu atakutajia kilichomfurahisha yeye, basi. Nenda kwa mkutubi mwambie kitabu cha mwisho kilichokukesha na kwa nini kilikukesha, labda ni yale mazungumzo, labda sura fupifupi mpaka unajiambia namalizia hii moja tu nilale. Mimi niliwahi kusema nataka hadithi ya mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi, yule mama mkutubi akanyanyuka bila hata kugusa kompyuta akarudi na vitatu, kile cha chini kabisa chembamba, jalada limebanduka, ndo nilichokimaliza usiku uleule!

Toroli la vitabu vilivyorudishwa usilipite pia, pale unaona watu wanasoma nini kweli. Na ukikipenda kitabu, angalia namba iliyobandikwa mgongoni, maktaba nyingi zinapanga kwa mfumo wa namba aliotoa mkutubi wa Marekani Melvil Dewey mwaka 1876, vya mada moja vinakaa jirani (fasihi ya Kiswahili iko 896.392), kwahiyo vuta cha kushoto na cha kulia chake. Riwaya mara nyingi zinapangwa kwa jina la mwandishi tu, hapo ujanja huo haufanyi kazi.

Mtandaoni, kama Goodreads (tovuti ambako wasomaji wanavipa vitabu nyota 1 hadi 5), mi nasoma maoni ya nyota 3, hao ndo wanaeleza kilichowafurahisha na kilichowachosha.

Kuachia njiani wala usijilaumu. Mkutubi Nancy Pearl wa Marekani anasema kipe kitabu kurasa 50, kisipokuvutia kiache, ukivuka miaka 50 toa umri wako kwenye 100, yaani wa miaka 60 kurasa 40 zinamtosha.

Na ukiambiwa kitabu hakipo usiondoke, uliza kama wanaweza kukuazimia kutoka maktaba nyingine, maktaba nyingi zinaazimana ila watu hatuulizi.