Mahindi ya vuli tambarare ya Moshi: usiige ratiba ya Kibosho

Dada, umeuliza kama upande mahindi shambani Kahe mwezi wa kumi na moja kwa kuwa shangazi yako wa Kibosho hupanda wakati huo. Usifanye hivyo kwa kutegemea mvua peke yake. Kibosho iko juu kwenye mlima Kilimanjaro, upande unaopokea mvua nyingi. Huku chini Kahe, tambarare, ni joto, na vuli hukatika mapema hata mahindi hayajachanua. Nimeona jirani zangu wakilisha ng'ombe mabua matupu, inauma sana.

Huna zamu ya maji ya mfereji? Panda choroko au kunde, zinawahi kukomaa. Mahindi yangoje masika, Machi, mbegu ya muda mfupi. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) usikilize kila msimu: mwaka wa La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopoa kuliko kawaida, vuli mara nyingi huwa haba.