Soneti ya Kiingereza: Usiishie Kwenye ABAB

Wiki hii nimeandikiwa na msomaji anayesoma fasihi ya Kiingereza chuoni. Kila akipewa soneti ya Shakespeare anaandika ABAB CDCD EFEF GG, herufi zinazoonyesha mishororo ipi ina kina kimoja mwishoni, anaongeza kuwa ina mishororo 14, kisha kalamu inagoma. Namwelewa. Mhadhiri wangu mmoja aliniambia mbele ya darasa kwamba mtu aliyelelewa na tarbia, shairi letu la mishororo minne kila ubeti, hawezi kuyasikia mapigo ya Kiingereza. Neno lile linaniuma mpaka leo, maana ni tarbia hasa iliyonifundisha kusikiliza.

Chukua soneti ya 73, katika zile 154 zilizochapishwa mwaka 1609. Hesabu mizani, yaani silabi, kama ulivyozoea: 10 kila mshororo. Kisha sikiliza mkazo. Wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, ndiyo maana malenga hauhesabu. Wa Kiingereza huhamahama, na mshairi huupanga: silabi nyepesi, nzito, nyepesi, nzito, mara tano. Gonga meza huku ukisoma mshororo wa tatu:

Upon those boughs which shake against the cold

Pigo linaangukia pon, boughs, shake, gainst, cold. Limetulia kabisa. Soma wa nne:

Bare ruined choirs, where late the sweet birds sang

Mizani bado 10, lakini Bare na ru zote nzito, na mwishoni sweet, birds, sang zinafuatana bila nyepesi katikati. Ulimi unalazimika kwenda polepole, papo hapo anapotaja matawi matupu yaliyohamwa na ndege. Andika hilo! Alama ziko hapo, haziko kwenye kukariri herufi.

Vina vya kati usivitafute, havimo. Vya mwisho hubadilika kila baada ya mishororo minne, na picha hubadilika navyo: majani yanapukutika, jua linazama, moto unafia kwenye majivu yake. Muda nao unafupika, kutoka majira hadi siku hadi moto wa kitambo.

Vijana, someni kwa sauti. Ushairi wa kimoyomoyo hauwafikishi popote, na hili nitalirudia mpaka mchoke kunisikia.

Mkifika GG, mishororo miwili ya mwisho yenye strong na long, kina hakisubiri tena mshororo wa katikati. Kinajibiwa papo hapo. Na hapo mshairi anaacha kujieleza, anamwambia mpenzi: mapenzi yako yanazidi nguvu kwa sababu unajua utakipoteza karibuni kile unachokipenda.