Kuutunza Moyo Wakati Utumbo Unapona: Ushauri kwa Aliyeambiwa Ana Siliaki

Mtu anapoambiwa kwamba ana ugonjwa wa siliaki, kwa kawaida huelezwa mambo mawili: kwamba kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwembamba kila anapokula gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, na kwamba tiba yake ni kuviacha vyakula hivyo maisha yake yote. Yote mawili ni kweli. Nililolikosa mimi, na ambalo ndilo limenifanya niandike, ni mtu wa kunieleza kwamba habari hiyo huja na majonzi yake, na kwamba majonzi hayo yanastahili kushughulikiwa kwa uangalifu uleule tunaosomea maandishi ya pakiti ya chakula.

Kwa miaka mingi nilitibiwa hapa Mombasa minyoo, amiba, vidonda vya tumbo na upungufu wa damu usiokwisha. Vidonge vya madini ya chuma nilivimeza kwa utiifu bila kuona nafuu, kwa sababu vijinyweleo vya ndani ya utumbo, ambavyo ndivyo hufyonza virutubisho, vilikuwa vimesagika. Jibu lilipatikana kwa kipimo cha damu kiitwacho tTG-IgA, kinachopima kingamwili, yaani protini ambazo kinga ya mwili huzitengeneza inaposhambulia, kisha kwa vipande vidogo vya utumbo vilivyochukuliwa kwa kamera. Mwanzoni nilifarijika, kwani hatimaye maradhi yalikuwa na jina. Huzuni ilikuja baadaye, ilipoingia Ramadhani.

Kwetu Pwani mapenzi hupitia chakula. Mahamri kwa mbaazi za asubuhi, kaimati na sambusa za futari, tambi, na bokoboko la Idi ni namna ambayo mama, shangazi na jirani hutuambia kwamba sisi ni watu wao. Anayelazimika kusema "ahsante, sitakula" kila anapotengewa hujiona kama anayekataa watu, na wao nao wanaweza kumwona hivyo. Ndiyo maana simshauri mgonjwa yeyote ajilazimishe kushukuru mapema eti kwa kuwa kuna magonjwa mabaya zaidi. Alilolipoteza ni kitu cha kweli. Mwache akililie, akasirike, aseme waziwazi kwamba anatamani chapati ya moto, kisha polepole aanze kutafuta njia nyingine ya kubaki katika sinia ya pamoja.

Njia hiyo ipo, na sisi tuna bahati kuliko wengi. Vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina hutengenezwa kwa mchele. Mbaazi za nazi huliwa vizuri kwa muhogo au viazi vitamu, na wali, ugali wa mahindi, ndizi, mtama na ulezi kwa asili yake havina gluteni. Nilipoacha kuhesabu nilivyonyimwa na kuanza kumwomba shangazi anipikie vitumbua badala ya mahamri, alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi, kwa kuwa alipata tena kitu cha kunipa. Huu ndio ushauri ninaouamini kuliko mwingine wote: usijitenge na sahani yako ya siri, bali wape jamaa zako kazi ya kufanya.

Kazi hiyo waelezwe kwa makini, kwa sababu hatari kubwa imo katika vitu vidogo. Uji wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano. Mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani ya mahindi yako. Mafuta ya karai yaliyokaangiwa mahamri hayafai kukaangia muhogo wako, na mchuzi wa soya wa dukani kwa kawaida hutiwa ngano. Mimi nina mwiko wangu, chujio langu na kibao changu, kwa kuwa mbao huficha unga katika nyufa hata baada ya kuoshwa. Siku ya kusukuma chapati sufuria zangu hufunikwa kabla mfuko wa unga haujafunguliwa, maana vumbi lake hutua kila mahali.

Utaambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba kidogo tu hakidhuru, au kwamba umekula mkate tangu utotoni bila neno. Usibishane kwa hasira. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kila kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mimi huwaeleza watu hivyo, na wengi hunielewa. Kwa wazee hutosha kusema, "Shikamoo bibi, daktari amenikataza ngano hata chembe, naomba unipakulie wali kabla kijiko hakijaingia kwingine." Ombi la mapema na la heshima halimuumizi mwenye nyumba kama sahani iliyorudi imejaa.

Kuhusu kupona, jipe muda mrefu kuliko unavyotamani. Wengi huanza kusikia nafuu ya tumbo baada ya wiki chache, lakini kingamwili hushuka kwa miezi, na utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka 2 au zaidi kurudi katika hali nzuri. Katika kipindi hicho maziwa huenda yakakusumbua kwa muda, na uchovu utakuja na kuondoka. Ukila ngano bila kujua, hakuna dawa ya kuisafisha. Kunywa maji, pumzika, tafuta ilikopenyea, uendelee. Kosa moja halifuti miezi ya uangalifu.

Hata hivyo, ipo huzuni isiyofaa kungojewa iishe yenyewe. Ikiwa wiki zinapita usingizi haupatikani, hamu ya maisha imekwisha, au umeanza kuogopa chakula chote hata kile salama, mwambie daktari, na usione haya kuomba mshauri wa afya ya akili. Huzuni na wasiwasi huwapata wenye siliaki mara nyingi kuliko watu wengine. Vilevile omba upimwe chuma, folati, vitamini B12 na vitamini D, kwani upungufu wake wenyewe unaweza kuuelemea moyo, nawe ukajilaumu kwamba huna subira.

Mimi hupata nguvu ninapomkumbuka Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Kabla yake, watoto wenye maradhi haya walidhoofika na wengine wakafa bila mtu kujua kinachowaua. Yeye ndiye aliyeonyesha, katika tasnifu yake ya mwaka 1950, kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru. Chakula tunachokiacha leo kwa uchungu ni ujuzi ambao wazazi wa watoto wale hawakuwa nao.

Liko jambo moja la kufanya mapema. Ugonjwa huu hufuata damu, hivyo wazazi, ndugu na watoto wako wapimwe hata kama hawana dalili. Wapimwe wakiwa bado wanakula ngano kama kawaida, kwa sababu aliyekwisha kuiacha kipimo chake kinaweza kuonyesha kwamba hana kitu ilhali anaumwa.