Kwa nini Krypto hasikii la mtu?

SWALI: Mhariri, kila usiku namsomea binti yangu, ana miaka minane, hadithi za katuni za Superman. Juzi kaniuliza: kama Superman ana adabu hivi, mbona mbwa wake Krypto ni mtukutu? Nilikosa jibu.
Baba Neema

JIBU: Baba Neema, mwanao ana jicho kali. Krypto alitokea kwanza Machi 1955, katika Adventure Comics namba 210, na utukutu alikuja nao. Jor-El, baba mzazi wa Superman, alimrusha kutoka sayari yao kwa roketi ya majaribio kabla ya kumtuma mwanawe. Roketi ikapotea njia, mbwa akafika duniani Superboy, yaani Superman wa ujanani, akiwa keshakuwa kijana. Sasa niambie, miaka yote ile angani, nani angemfundisha kuja akiitwa? Hapo ndipo ninapompenda mno. Nguvu zake ni za ajabu, lakini silika ni ileile ya mbwa yeyote: anataka kucheza, kukimbiza, kung'ata. Tofauti ni kwamba hakuna mnyororo wa kumzuia wala ukuta wa kumkinga jirani. Kumwita mbaya ni kumwonea.

Beppo, yule kima mwenye nguvu aliyetokea kwanza mwaka 1959 katika katuni hizohizo, ndiye msumbufu hasa. Alidandia kwa siri roketi iliyombeba Superman mwenyewe akiwa mtoto. Streaky, paka wa Supergirl, binamu wa Superman, nguvu zake huja na kutoweka, kwa hiyo madhara yake ni ya muda.

Leo usiku mwonyeshe binti yako mkia wa Krypto jinsi Curt Swan alivyouchora.